Jicho la Fundi na Kasha la Mninga

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Leo bahati imekuja yenyewe kwa miguu. Imekuja na maboksi saba.

Saa nne asubuhi kaingia kibandani kwangu, hapa Ng'ambo, dada Konsolata, yule mpiga video wa harusi na kwaya. Miaka mitatu amekuwa akikusanya vipande vya kompyuta moja ya mezani. Kimoja kimoja! Harusi hii ananunua diski, kipaimara kile ananunua feni. Sasa vimetimia. Nimevifungua vyote mezani. Kadi ya picha ina feni tatu na uzito wa jogoo. Mazabodi, ule ubao mkuu unaoshika vyote, inang'aa. Kipoza joto kina rejeta ya maji, utadhani lori! Tabora hii sijaona kitu cha namna hiyo, na mimi ni fundi niliyeona mengi, hasa simu zilizodumbukia chooni.

Kilichokosekana ni kasha la kuvitia vyote hivyo. Alikuwa nalo, la kioo, ameagiza Dar. Limesafiri kwenye buti la basi chini ya magunia ya vitunguu, likafika unga. Babu wa babu yangu alibeba meno ya tembo kichwani kutoka hapa hadi pwani, akarudi na vikombe vya Waarabu, hakupasua hata kimoja. Leo tuna mabasi yenye viti vya kulalia, kioo kinashindwa kufika!

Konsolata kasema mambo mawili. La kwanza, Jumapili ya tarehe 20 kwaya yake inazindua video ya jubilei, baada ya misa ya pili. Kompyuta yake ya zamani inaganda kila wimbo ukifika kwenye kiitikio. Hii mpya isipokuwa tayari Ijumaa ya tarehe 18, video hakuna, na ni yeye atakayesimama mbele ya waumini kueleza. La pili, atakayepata kasha linalofaa na kuiunganisha mashine ndiye atakuwa Fundi Mkuu wa studio anayofungua kule Cheyo. Kaongeza, kama kitu kidogo tu, kwamba amemgusia na Majidi.

Majidi! Huyo wa duka la mkabala, mwenye kiyoyozi na mlango wa kioo!

Nikamwambia Konsolata alale usingizi, kasha ninalo, liko njiani. Uongo, lakini mdogo. Kaniachia maboksi yote.

Nyumbani nimemwambia mke wangu Jeska kwamba nimeshateuliwa. Nikamwomba anishonee koti la kazi la bluu, kifuani liandikwe FUNDI MKUU kwa uzi mweupe. Jeska ni fundi cherehani, kwake kila kitu ni futikamba. Hakunipongeza. Kauliza, baba Deus, vitu vyenyewe umevipima? Nikamkumbusha kwa mara ya mia kwamba mimi napima kwa jicho la kulia. Ni kipaji. Akauliza kama ni jicho lile lile lililopima mlango wa mama yake kule Usinge. Mlango ule haufungi kwa sababu ukuta umepinda! Nimesema mara ngapi?

Jumanne, 8 Oktoba

Mpango wa kwanza. Chini ya meza yangu kuna kasha la kompyuta ya ofisini, la enzi zile za skrini zenye kisogo. Nimelitazama kwa jicho la kulia. Linatosha, bila shaka.

Mazabodi imekataa kuingia. Nikaisukuma kidogo, ikalia kwa sauti iliyonitoa jasho, nikaacha. Kadi ya picha imeingia nusu. Nusu ya pili imebaki nje, kama miguu ya mtu mrefu kwenye kitanda cha wageni. Nikachukua msumeno wa chuma.

Matokeo: kasha lina tundu kubwa lisilo na umbo. Kidole gumba cha kushoto kimefungwa kitambaa. Kadi bado haiingii, safari hii kwa upande mwingine.

Saa tisa nikainua macho. Majidi ameweka dirishani kasha la kioo kitupu, lina taa ndani zinazobadilika rangi. Nyekundu, kijani, zambarau! Muuza mihogo wa kona kaacha karai lake jikoni likaungua, kasimama kutazama. Watu wanapiga picha. Mimi nimebaki na kipande cha bati mkononi. Wivu umenishika hadi chai ikanishinda.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango wa pili: upelelezi. Lazima nijue Majidi ana nini dukani na anamwambia nini Konsolata.

Nimevaa kanzu ya kuazima, kofia, miwani ya jua na barakoa. Nikaingia nikichechemea kidogo, nikajitambulisha kwa sauti nzito kuwa mfanyabiashara wa mpunga kutoka Kaliua, natafuta kasha la kompyuta kubwa. Majidi kanyanyuka kwa adabu zote. Kasema karibu sana, jirani Nestory, na kidole kinaendeleaje?

Nimeendelea kuwa mtu wa Kaliua. Mtu huwezi kuacha kazi katikati.

Nimepata habari, lakini zote ni za kupotosha. Ati kasha la kioo lenye taa ni la kuvutia watu dirishani tu, yeye mwenyewe hampi mteja mwenye mashine nzito. Ati kwa joto hili la Oktoba kioo mbele kinaziba hewa, na mashine itajipika yenyewe. Ati amemshauri Konsolata achukue lile jeusi la kona, uso wake mzima ni wavu wa chuma, hewa baridi iingie mbele, ya moto itokee nyuma na juu, na kichujio cha vumbi kivutwe kwa mkono kioshwe. Ati kabla ya rangi na urembo, cha kwanza ni kujua urefu wa kadi ya picha na unene wa rejeta.

Nimelitazama hilo jeusi. Baya! Kama meko ya mkaa yaliyosimamishwa. Nani atakuja kupiga picha kitu kile? Ni wazi Majidi anataka nimwige nianguke. Nimetoka nikichechemea, mguu mwingine safari hii. Nilisahau ulikuwa upi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Jibu limekuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Kabati la vitumbua!

Kila mgahawa wa Tabora una kabati la kioo la kuwekea vitafunwa. Kioo pande nne, rafu mbili, mlango wa kuteleza. Nimeliazima kwa mama wa mgahawa wa nyuma, nikamwambia la kupigia picha tu. Vitu vimeingia vyote na nafasi imebaki! Jicho halijakosea. Nikaliweka mezani lielekee kwa Majidi.

Kasoro zilizojitokeza. Mafuta ya miaka sita. Sisimizi. Mteja wa kwanza kaagiza vitumbua viwili na chai ya rangi. Wa pili pia. Wa tatu nilipomweleza kuwa hii ni kompyuta ya kisasa, kasema sawa, basi chapati.

Saa kumi mwenye kabati kaja juu kama moto wa kifuu, wateja wake wa jioni wamefika na hana pa kuweka kachori. Kanyang'anya kabati nikiwa bado natoa feni. Jeska alikuwepo. Alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanatikisika.

Jumapili, 13 Oktoba

Misani. Sikusikia mahubiri, Mungu anisamehe, nilikuwa na siku tano tu. Konsolata alikuwa anarekodi kwaya. Alipopita karibu yangu kauliza kwa kunong'ona kasha limefika wapi. Nikanong'ona kwamba limeshavuka Nzega.

Ndipo jicho la kulia likatua kwenye kiti cha maungamo. Mbao tupu za mninga! Mlango mzito, ndani giza, na kwenye uso wake vitundu vidogo vidogo vimepangwa kwa safu. Hewa inapita, siri hazipiti. Miaka arobaini watu wanamwaga humo mambo ya moto na hakijawahi kuungua.

Kasha la mninga! Majidi atasema nini? Plastiki na bati za watu wa mbali, na mimi mbao ya porini kwetu. Nilitaka kupiga makofi. Jeska kanishika mkono nisinyanyuke wakati wa kupiga magoti.

Kauliza tukitoka kama nitapeleka vipimo kwa seremala. Nikamwambia seremala ana masikio, mimi nina jicho.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, maduka yamefungwa. Vizuri. Nimepanda pikipiki hadi Ntalikwa kwa mzee Ciza. Ni mtu wa Ulyankulu, kahamia huku zamani, na kwa mninga hana mpinzani. Kiwanja kizima kilinuka maranda na asali.

Shikamoo, marahaba, habari za mjini. Nikampa kazi kwa tahadhari kubwa. Majidi ana marafiki kila mahali, neno kompyuta halikunitoka kinywani. Nilisema nataka sanduku. Ndani giza. Mbele safu ya vitundu, vidogo, kitu kikubwa kisipenye. Nyuma pa kupumulia joto. Mfuniko unaofunguka juu, na ndani reli za kushikilia vitu wima.

Mzee Ciza katabasamu. Kasema nisijisumbue kueleza, anaelewa kabisa, kazi hiyo anaifanya tangu kijana. Nikafurahi sana. Huyu mtu, pamoja na uzee, anafuatilia teknolojia! Kauliza kama nataka na ile kazi ya ndani, ya kumalizia. Sikujua ni ipi, lakini sipendi kuonekana mshamba. Nikasema hasa hiyo, tena asiibanie. Kauliza litakaa wapi. Nikasema dirishani kwangu, pale penye maua ya waridi ya jirani. Kasema papo hapo, nimechagua vyema.

Akataka kipimo. Nikatanua mikono hewani, hivi kwa hivi. Kaitazama mikono yangu, kasema sawa, lakini yeye ana kipimo chake na hakijawahi kumwangusha. Nimemwachia aseme. Wazee wanapenda kujiona wamechangia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Limefika! Sina maneno. Nitajaribu.

Jekundu kama chai nzito. Pembe zimeshikana bila msumari. Vitundu kumi na viwili mbele, kila kimoja duara kamili. Ukifunua mfuniko, ndani kumepakwa kitu cha manjano kinachong'aa, na harufu yake tamu inakupeleka utotoni. Hiyo ndiyo ile kazi ya kumalizia. Rangi gani ya mbao hunukia hivyo? Nimewaambia wateja imetoka Ulaya.

Na vitu vimeingia VYOTE. Kadi, rejeta, feni saba, pawa saplai, nyaya zimepitia nyuma. Jicho! Jicho la kulia! Jeska karudi na futikamba yake nikiwa nakula mchana, kapima kila kipande, kaandika nyuma ya karatasi ya kukatia blauzi. Mtu ameshashindwa na bado anapima. Nimemhurumia.

Saa nane nimewasha. Imewaka! Nimetazama wimbo mzima wa kwaya, kiitikio kimepita bila kuganda. Karibu nilie, nasema kweli. Nimeipanga ijiwashe yenyewe kila umeme unaporudi, ili Konsolata aone maajabu. Nikaiweka dirishani, uso wake umtazame Majidi.

Majidi kavuka barabara. Kaligusa. Kainama kwenye vitundu, kanusa. Kanusa tena. Kauliza kwa upole sana nani kalitengeneza. Nikasema ni siri ya biashara. Akarudi kwake anacheka, akashika nguzo ya umeme asianguke. Hicho kinaitwa kijicho.

Jioni nyuki sita wamekuja kulizunguka. Hata wadudu wana macho ya uzuri. Jeska kasema nyuki hawaji kutazama, nyuki sita wakija hivyo wametumwa kukagua nyumba. Baba yake kule Usinge alitundika mizinga maisha yake yote, kwa hiyo anajiona bingwa. Nikamwambia ashughulike na vifungo. Koti langu limekwisha, limening'inia ukutani, FUNDI MKUU kwa uzi mweupe. Nimelivaa mara tatu.

Kesho saa saba Konsolata anakuja na mwenyekiti wa kwaya kuchukua mashine.

Ijumaa, 18 Oktoba

Naandika kwa jicho moja. La kushoto.

Umeme umekatika tangu saa mbili asubuhi. Kasha likakaa dirishani, kimya, feni zimelala. Nimevaa koti. Saa sita na nusu nikasikia mvumo. Nikadhani Majidi amewasha jenereta.

Haikuwa jenereta. Lilikuwa wingu! Limetokea upande wa stesheni, likazunguka juu ya paa, likashuka kwenye dirisha langu. Nyuki. Maelfu! Hawakuwa na ugomvi na mtu. Walitua, wakajipanga, wakaanza kuingia kwenye vitundu kumi na viwili, kama abiria wa Mpanda wanaobadili treni Kaliua. Hakuna kusukumana. Kila mmoja anajua anakokwenda.

Nilisimama mdomo wazi. Ndipo Konsolata akafika na mwenyekiti, wamevaa sare ya kwaya. Konsolata kauliza nini kile. Najua nilipaswa kusema ukweli. Lakini ulimi una mambo yake. Nikasema ni sehemu ya mfumo wa kupoza.

Wakati huo huo umeme ukarudi.

Kompyuta ikajiwasha yenyewe, kama nilivyoipanga. Feni zote saba zikaamka pamoja. Siwezi kueleza sauti iliyotoka ndani ya kasha. Halafu walioingia kwa foleni wakatoka bila foleni. Mwenyekiti wa kwaya, mtu wa makamo, mnene, alikimbia hadi sokoni bila kiatu kimoja. Muuza mihogo alijifunika karai. Majidi alifunga mlango wake wa kioo, na kwa mara ya kwanza nikaona faida ya kioo. Mimi nilijitupa kuchomoa waya ukutani. Nimeuchomoa! Hilo liandikwe. Nimechomwa mara kumi na nne, na mmoja, kati ya nyuki wote wa Unyanyembe, kachagua jicho la kulia.

Tulipotulia, Konsolata alikuwa amekaa chini kando ya mtaro, mtandio kichwani, analia. Hakunitukana. Alisema tu, miaka mitatu, fundi. Miaka mitatu nimekula ugali na mlenda ili ninunue vile vitu. Nikaona haya. Haya ya kweli. Sikuwa na uongo wa kumpa, nilitafuta sikuupata.

Jeska ndiye aliyetoka na khanga mbili mwilini na moja usoni. Kachungulia kasha kwa mbali, kanusa, kaniuliza kitu kimoja tu: nani seremala wako? Nikamtaja. Kafumba macho kidogo. Kasema mzee Ciza hatengenezi kabati wala meza, baba Deus, huyo mzee anatengeneza mizinga. Hayo manjano ndani ni nta. Mzinga mpya unapakwa nta ili kuita nyuki.

Kapiga simu Ntalikwa. Mzee Ciza kafika saa kumi na moja na ndoo, mzinga wa akiba na kopo la moshi. Nikamwamkia kwa uso uliovimba, kaitikia marahaba bila kunitambua. Alikuwa na furaha kama mtu aliyejaliwa mjukuu. Kasema tangu azaliwe hajaona mzinga ulioingiwa siku moja! Kisha kafunua mfuniko, uso ukambadilika. Kauliza ni mpumbavu gani kajaza vyuma kwenye mzinga wa watu.

Hakuna aliyenitaja. Hakukuwa na haja, nilikuwa na koti.

Kampata malkia juu ya kadi ya picha, katikati ya feni ya pili. Kamhamisha kwa bawa la kuku. Wengine wakamfuata.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimelala na kitambaa cha maji jichoni. Mengine nimeyapata kwa kusimuliwa, na Jeska hasimulii vizuri, anatumia maneno machache mno.

Mzee Ciza alipomaliza, Jeska alifuta kila kipande kwa kitambaa laini, akakwangua nta kwa wembe wa kufumulia nguo. Akavifunga kwenye khanga, akavuka barabara na ile karatasi ya blauzi. Akamwomba Majidi ashushe makasha yote sakafuni. Akapita na futikamba: la kioo lenye taa, kadi inagusa. Jeupe refu, rejeta haikai juu. La bei kubwa kuliko yote, feni za nyuma zinabanana. Akafika kwenye lile jeusi la kona, baya, meko ya mkaa. Kila namba kwenye karatasi yake ikatosha na nafasi ya vidole viwili ikabaki. Akasema hili.

Majidi akaunganisha mbele yake na mbele ya Konsolata. Ikawaka mara ya kwanza. Feni moja ilikuwa imekufa, na ndani ya pawa saplai wametoa nyuki kumi na saba. Basi. Kadi nzima, diski nzima, nyimbo zote zipo.

Nimefurahi. Nasema kwa moyo mmoja, nimemfurahia Konsolata hadi machozi yametoka, hata kwenye jicho lililofumba. Nilipomwambia Jeska, kanishika kichwa, kanipaka asali kwenye uvimbe. Asali kaiacha mzee Ciza, na salamu kwamba koti la nyuki ni jeupe, si la bluu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Uzinduzi wa jana umefana. Vigelegele hadi madirisha yakatetemeka. Video haikuganda hata mara moja. Mwenyekiti wa kwaya alikaa mbali na mimi, viti vinne.

Mwisho Konsolata kasimama kushukuru. Kasema studio mpya imepata msimamizi wa mitambo yake, mtu anayepima kabla ya kusema, na mambo ya nyaya atafundishwa na Majidi. Mimi nilikuwa nimeshanyanyuka nusu. Kamtaja Jeska.

Asubuhi hii kaondoka kwenda Cheyo. Kavaa koti langu. Kalipunguza mabega, kalitoa mikono. Maneno ya kifuani hakuyagusa. Limemkaa vizuri sana, lazima nikiri. Kwa vyovyote, bila mimi asingeipata kazi ile. Nani aliyemleta Konsolata? Nani aliyempa nafasi ya kupima? Nimemwambia hayo akiwa mlangoni, kacheka, kasema asante baba Deus, na chai iko kwenye chupa.

Sasa habari yenyewe. Saa tatu kaja bwana mmoja wa Usinge mwenye ukumbi wa kuonyeshea mpira. Anataka kompyuta kubwa, ya nguvu, vifaa ananunua mwenyewe. Tatizo lake ni kasha. Vumbi, panya, wezi. Kauliza kama ninaweza. Nikamwambia ninalo tayari, liko njiani.

Kwa sababu nimegundua kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa mbao! Nyuki hapendi bati. Na mji huu wa shule za bweni una mafundi bati hodari wa masanduku ya wanafunzi, yale yenye kufuli. Bati tupu, haliozi, haliliwi na panya, mwizi hafungui. Kwa nini hakuna mtu aliyewahi kuwaza hili?

Nimetoka kwa fundi bati sasa hivi. Sikumwambia ni la nini, Majidi ana marafiki kila mahali. Kauliza aandike jina la mwanafunzi gani kwenye mfuniko. Nikasema liache wazi. Kauliza matundu ya nini, nikasema ya hewa, kauliza kama huyo mwanafunzi yuko salama.

Jeska kaniachia futikamba juu ya meza, kaikunja vizuri, na kikaratasi: tafadhali. Nimeirudisha kwenye cherehani. Ya nini? Jicho la kulia bado limefumba, ni kweli. Nimepima kwa la kushoto. Halina uzoefu, lakini halijachoka.